Kupanga Vitabu Kunasomewa? Njia za Ukutubi kwa Watu wa Pwani ya Kusini

Kitabu kuhusu Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio karibu na ufuo kusini mwa Diani, kikitua kwenye meza ya maktaba huzua ubishi kabla hakijafika rafuni. Mmoja atasema hii ni historia ya Kenya, kipewe namba 967.62. Wa pili atakumbusha kwamba kaya ni mahali pa tambiko, kwa hiyo kitabu ni cha dini za Kiafrika, 299.6. Wa tatu atatazama miti iliyoelezwa kurasa kwa kurasa, kisha ashikilie 333.75, penye misitu na uhifadhi wake. Wote wana haki. Lakini nakala ni moja, haiwezi kukaa rafu tatu, na wa kukata shauri ni mkutubi. Akikosea, mwanafunzi wa Msambweni anayetafuta habari za kaya ataondoka akiamini maktaba haina kitu.

Namba hizo zilitungwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, na zimebeba mtazamo wa nchi yake na karne yake. Kuanzia 220 hadi 289 ni Ukristo mtupu. Uislamu, dini ya watu wengi wa kaunti hii ya Kwale, ulipewa 297 peke yake, na dini za jadi za Afrika nzima zikasukumwa kwenye kijisehemu cha 299. Mwenye cheti hufundishwa kuzitumia namba hizi. Mwenye digrii huelezwa kwa nini ziko hivyo. Mwenye shahada ya uzamili hutarajiwa kuja na jibu: maktaba iliyojaa vitabu vya fiqhi, tafsiri na sira ifanye nini ili vyote visirundikane chini ya namba moja?

Hiyo ndiyo kazi ambayo watu huulizia kwa mshangao: kwani kupanga vitabu nako kunasomewa? Kijana wa Kona ya Musa aliyemaliza kidato cha nne atatajiwa hoteli, ualimu, uuguzi, uhasibu, na siku hizi kompyuta. Ukutubi hautajwi, au hutajwa mwishoni kabisa, kama kozi ya kumhifadhi aliyekosa nyingine. Wanaoifahamu hujua kwamba jina lake vyuoni limeshabadilika, sasa ni sayansi ya habari au maktaba na taarifa, na kwamba ndani yake mna matawi yasiyohusiana na rafu hata kidogo: utunzaji wa rekodi, nyaraka za kihistoria, uchapishaji, usimamizi wa data.

Pwani haikuwa nyuma katika mambo ya maktaba. Mombasa ilikuwa na maktaba ya umma ya Seif bin Salim tangu 1903, miaka mingi kabla Nairobi haijapata jengo la McMillan mwaka 1931. Kilichokosekana ni mahali pa kusomea kazi yenyewe. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mwafrika Mashariki aliyetaka kuwa mkutubi kamili alitegemea mitihani ya Chama cha Maktaba cha Uingereza. Mambo yaligeuka baada ya ripoti ya Sydney Hockey ya mwaka 1960, iliyopendekeza kila nchi iwe na huduma yake ya taifa. Tanganyika ilipitisha sheria 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Na kwa kuwa maktaba mpya zilihitaji watu, mwaka 1963 ilifunguliwa Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki pale Makerere. Kizazi cha kwanza cha wakutubi wa Kenya kilipitia Kampala, na shule hiyo ipo hadi leo, ndani ya kitivo cha kompyuta na sayansi ya habari, ikitoa digrii ya kwanza na za uzamili.

Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, kila nchi ilibaki kujitafutia. Kenya ilianza na madarasa ya cheti na diploma katika Kenya Polytechnic, ambayo sasa ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya. Kisha Chuo Kikuu cha Moi kikaanzisha kitivo cha sayansi ya habari mwaka 1988. Kwa muda mrefu ukisema umesomea mambo ya maktaba Kenya, mtu alikuwa anaelewa Eldoret. Kwa mtu wa Ukunda hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 800, feri ya Likoni ikiwa mwanzo wake, na baridi ya huko juu ikiwa somo la pekee.

Ngazi zenyewe hazina mafumbo. Chini kuna cheti cha ufundi na diploma, ambazo mitihani yake kwa miaka mingi imesimamiwa na baraza la mitihani la taifa, KNEC. Diploma kwa kawaida humtaka aliyepata C- katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE, na digrii humtaka mwenye C+. Katika mfumo wa taifa wa kupanga vyeti, diploma ni ngazi ya 6, digrii ya kwanza ni ya 7, diploma ya baada ya digrii ni ya 8, uzamili ni wa 9 na uzamivu ni wa 10. Aliyeanza na D akakaza mwendo anaweza kupanda ngazi moja moja. Wapo wakutubi wakuu nchini walioanza kwa kubandika vibandiko mgongoni mwa vitabu.

Kwenye uzamili ndipo panapohitaji kutulia, kwa sababu shahada ile ile hubeba uzito tofauti kulingana na nchi.

Marekani, shahada ya uzamili ndiyo mlango wa kuingilia. Dewey huyo huyo alifungua shule ya kwanza ya ukutubi katika Chuo cha Columbia, New York, mwaka 1887, na baadaye taaluma hiyo iliamua kwamba mtu asome kwanza fani yoyote, iwe historia, kemia au sheria, kisha aje kusomea ukutubi juu yake. Kwa hiyo tangazo la kazi huko hudai uzamili uliothibitishwa na Chama cha Maktaba cha Marekani, ALA, na digrii ya kwanza ya ukutubi haimfikishi mtu mbali. Kenya, Uganda na Tanzania zilijenga tofauti. Huku digrii ya kwanza inatosha kumfanya mtu mkutubi, na uzamili ni wa kumpandisha cheo, kumwingiza kwenye kufundisha chuoni, au kumhamisha tawi. Msichana wa Tiwi mwenye digrii ya sayansi ya habari hana sababu ya kukimbilia uzamili mwaka wa pili tu baada ya mahafali. Afadhali apate kazi kwanza, ajue shida iko wapi, ndipo arudi darasani na swali. Kwa mwalimu wa historia anayetaka kuacha chaki, hesabu ni nyingine kabisa, kwa kuwa uzamili ndio njia yake fupi. Hapo kila chuo kina sharti lake: kimoja humpokea mtu wa fani yoyote, kingine humtaka awe na msingi wa ukutubi au uzoefu wa kazi.

Vyuo vyenyewe ni kadhaa. Moi hutoa uzamili na uzamivu, na matawi yake yanagusa maktaba, rekodi na nyaraka, uchapishaji na teknolojia ya habari. Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kenyatta vina uzamili wa maktaba na sayansi ya habari. Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, kilichoko Meru, nacho kimejijengea jina katika fani hii. Muda wa kawaida ni miaka 2: masomo ya darasani, kisha utafiti na tasnifu. Kwenye karatasi ni miaka 2. Wengi huchukua zaidi, na si kwa uvivu. Tasnifu hukwama kwa msimamizi, kwa karo, au kwa mwanafunzi mwenyewe kurudi kazini akaahirisha sura ya nne hadi isahaulike.

Kuna njia nyingine ambayo ramani inaionyesha wazi ila watu wa Kwale hawaitazami. Kutoka Ukunda, ukifuata barabara ya kusini kupita Msambweni hadi mpakani Lunga Lunga, ukavuka Horohoro na kupita Tanga, utafika Bagamoyo kabla hujamaliza masafa ya kwenda Eldoret. Bagamoyo ndiko kiliko chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka cha Tanzania, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, ambacho watu wa fani hukiita SLADS kwa herufi zake za Kiingereza. Hutoa vyeti na diploma, na kimekuwapo tangu mwisho wa miaka ya 1980. Anayetaka uzamili ataendelea hadi Dar es Salaam, ambako chuo kikuu kina shahada ya uzamili ya taaluma ya habari. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitangaza mwaka 2017 kwamba nchi zake ni eneo moja la elimu ya juu, na nia ni kwamba cheti cha upande mmoja kitambulike upande wa pili. Nia hiyo haijamaliza makaratasi. Mwenye shahada ya nje bado hulazimika kuithibitisha Kenya, kupitia Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, au mamlaka ya mfumo wa taifa wa vyeti, KNQA, kabla mwajiri wa serikali hajaitazama.

Halafu kuna masomo ya mtandaoni, ambayo kwa mtu wa Diani mwenye kazi na watoto ni kishawishi kikubwa. Chuo Kikuu cha Aberystwyth huko Wales kimefundisha wakutubi kwa masafa tangu miaka ya 1980, zama za bahasha na stempu. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kina historia ndefu ya elimu ya mbali. Chuo Kikuu cha San José State huko California hufundisha uzamili wake wote mtandaoni, na una kibali cha ALA. Karo yao huhesabiwa kwa pauni, randi au dola, na hilo peke yake huwapunguza wengi. Kwa anayewaza kufanya kazi Toronto au Minneapolis, kibali cha ALA kina thamani kubwa. Kwa anayewaza kubaki Kwale, hakimwongezei alama hata moja mbele ya bodi ya utumishi wa umma ya kaunti.

Hapo ndipo swali la vyeti vya taaluma linapoingia, na ndipo pesa nyingi hupotelea. Wakili wa Kenya hana kazi bila leseni. Daktari vivyo hivyo. Mkutubi wa Kenya hana bodi ya kisheria inayompa leseni. Kuna Chama cha Maktaba cha Kenya, kilichozaliwa miaka ya 1970 baada ya chama cha Afrika Mashariki cha mwaka 1956 kuvunjika, lakini uanachama wake ni wa hiari. Huleta mikutano, mafunzo, kujuana na wenzako, na mambo haya si madogo. Haufungui mlango uliofungwa. Nigeria walikwenda mbali zaidi: kwa sheria ya mwaka 1995 waliunda baraza la kuwasajili wakutubi. Uingereza wana CILIP, iliyoundwa 2002 kutokana na kile chama cha zamani kilichokuwa kikiwatahini Waafrika, na mwanachama wake aliyefuzu huweka herufi MCLIP nyuma ya jina. Marekani kuna mtihani wa msimamizi wa rekodi aliyethibitishwa, ulioanza miaka ya 1970, na ule wa mhifadhi wa nyaraka ulioanza 1989.

Vyote hivi ni vyeti halali, vyenye mitihani migumu. Ila cheti kina nguvu pale ambapo mwajiri anakisoma. Hospitali ya rufaa ya Msambweni ikitangaza nafasi ya ofisa wa rekodi, itataja diploma au digrii na miaka ya uzoefu. Shirika la kimataifa lenye ofisi Nairobi ndilo litakaloelewa herufi za ng'ambo, na ndilo huenda likazilipia. Kwa mkutubi wa kawaida, ujuzi wenye tija ya haraka ni mwingine, na sehemu yake kubwa ni ya bure: kuendesha Koha, programu ya maktaba iliyozaliwa New Zealand na ambayo vyuo vingi vya Kenya vinaitumia, kuendesha DSpace, ambamo tasnifu na ripoti za vyuo huhifadhiwa, kusafisha jedwali la data, kujua sheria ya hakimiliki. Anayejua kufunga Koha kwenye kompyuta kuukuu ya shule ya sekondari ya Lunga Lunga na kuifanya ifanye kazi umeme ukikatika, huyo ataitwa hata bila cheti cha London.

Sasa, kazi ziko wapi? Kwa maktaba za umma, jibu linakatisha tamaa kidogo. Katiba ya 2010, kwenye jedwali lake la nne, ilizipa kaunti jukumu la maktaba, na ukisoma orodha utazikuta maktaba zimepangwa kundi moja na kamari, leseni za vileo, sinema na maonyesho ya video. Mwenye kuandika orodha ile hakuwa mkutubi, hilo ni dhahiri. Kwale mjini kuna tawi lililotokana na huduma ya taifa ya maktaba, KNLS, lakini mtoto wa Vanga au Kinango halifikii kwa miguu. Nafasi za ukutubi katika maktaba za umma za kaunti nzima ni chache, na anayezishika huzishika kwa miaka.

Vyuo vikuu ni mwajiri mwingine, na Nairobi kuna wasiotarajiwa. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966, inayonunua vitabu, magazeti na machapisho ya serikali kutoka nchi nyingi za Afrika na kuyaorodhesha. Riwaya ya Kiswahili iliyochapwa Kenya au Tanzania inaweza kupata namba na maelezo yake pale, kisha ikasafiri hadi Washington. Kazi hiyo humtaka mtu anayejua lugha na anayejua uorodheshaji kwa undani. Mswahili aliyesoma vizuri hapo ana cha kumzidi Mmarekani.

Lakini kwa mtu wa pwani ya kusini anayetaka kazi nyumbani, ushauri wa wazi ni huu: asome rekodi na nyaraka kabla ya vitabu. Sababu zinaonekana kwa macho. Tangu serikali ya kaunti ianze mwaka 2013, kila idara ina faili zake, zabuni zake, orodha za mishahara na za basari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa na kujibiwa ndani ya siku 21, na taarifa isiyojulikana iliko haiwezi kutolewa hata ofisa akiwa na nia njema. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai faili la mgonjwa, la mgeni wa hoteli na la mfanyakazi lilindwe, na lisikae kabatini milele bila sababu. Uchimbaji wa titani wa Base Titanium, ulioanza kusafirisha madini 2014, ulikoma mwisho wa 2024. Karatasi za ardhi, fidia na mazingira zitaulizwa kwa miaka mingi baada ya mashine kuondoka.

Na juu ya yote kuna ardhi. Diani na ukanda wote wa ufuo una mizozo ya viwanja ya miongo mingi. Ingia masijala yoyote ya zamani uone faili linavyoishi: limefungwa kwa uzi, kona zimeliwa na mende, karatasi ya katikati imekunjwa na kubanwa na pini iliyoshika kutu, na namba iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi juu ya jalada haifanani na ile iliyo ndani. Faili la namna hiyo likipotea, kesi husimama. Mwenye shahada ya uzamili ya rekodi na nyaraka hufundishwa kupanga ratiba ya kipi kitunzwe na kwa miaka mingapi, kipi kiharibiwe kwa utaratibu, kipi kipelekwe kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, na namna ya kuchanganua karatasi ili nakala ya kompyuta ikubalike kama ushahidi. Watu wenye ujuzi huo Kwale ni wachache mno ukilinganisha na faili zilizopo. Hata asiyeweza kwenda mbali ana pa kuanzia: Chuo cha Serikali cha Kenya kina kampasi Matuga, na chuo hicho huendesha kozi fupi kwa watumishi wa umma, za utunzaji wa rekodi zikiwamo. Kozi ya wiki chache haimfanyi mtu mtaalamu, ila humwonyesha karani kama kazi hii ataipenda.

Karo hutafutwa kwa njia tatu au nne. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, ina mikopo ya wanaosoma baada ya digrii ya kwanza, si wa digrii ya kwanza pekee. Kaunti ina mpango wa Elimu ni Sasa, ulioanzishwa enzi za Gavana Salim Mvurya, ambao nguvu yake kubwa imekuwa kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Wa uzamili aulize mapema kabla ya kuuhesabia. Mwajiri anaweza kutoa ruhusa ya masomo, na mara nyingine humfunga mtu kwa mkataba wa kurudi kufanya kazi. Makerere na Dar es Salaam nazo zafaa kuulizwa karo yao kwa mwanafunzi wa Jumuiya, kisha jumlisha kodi ya chumba na nauli, ulinganishe na Nairobi.

Mada ya tasnifu ndiyo isiyohitaji kutafutwa mbali. Pale Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya ukaa kutokana na mikoko tangu 2013, na kila mwaka huzalisha vipimo, hesabu na ripoti: nani anazitunza, na mwanakijiji anazisoma kwa lugha gani? Huko Lamu, hati za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha na kuwekwa mtandaoni kwa msaada wa mradi wa Maktaba ya Uingereza unaookoa nyaraka zilizo hatarini. Kama hati za namna hiyo zimebaki kwenye masanduku ya familia za Vanga, Wasini na Gazi, kuziorodhesha kungekuwa tasnifu tosha. Kaya zilizoingizwa kwenye urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2008, Kinondo ikiwamo, zina ujuzi wa wazee ambao sehemu yake hairuhusiwi kuandikwa, na mkutubi anayetaka kurekodi masimulizi hayo itabidi akubaliane nao kwanza ni nani atakayeruhusiwa kusikiliza. Mwanafunzi atakayechukua mojawapo atahitaji kibali cha utafiti cha tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, barua ya kamishna wa kaunti, na idhini ya wazee wenyewe, na hiyo ya mwisho aianze mapema kuliko zote.